SOMO LA LEO: Kipanga alipoingia uani kwetu

Somo hili sijalitoa kwenye video ya mtu, nimelipata nyumbani kwetu hapa Morogoro.

Kila asubuhi nikiwa nafunga mizigo ya wateja uani, mama anamwaga chenga za mchele. Wanakuja shomoro, chiriku na tetere, kelele tupu. Juu ya mpapai wanakaa shore, wale wenye kichwa cheusi na njano chini ya mkia, wanaotumalizia mapapai.

Jumamosi shore mmoja akatoa mlio mwembamba, mkali. Mimi sikuona kitu. Lakini ndege wakaruka wote kwa pamoja, wakazama kwenye michongoma. Hapo ndipo kipanga akapita chinichini juu ya ukuta, akakata kona katikati ya migomba, akaondoka na shomoro mmoja aliyekuwa anakula peke yake mbali na michongoma. Halafu kimya.

Nilibaki na selotepu mkononi nikiwaza ya kwangu.

Mwezi uliopita mteja aliagiza mashuka 6 ya 35,000, jumla 210,000. "Ni ya harusi dada, fanya haraka, boda yuko mlangoni kwako." Ujumbe wa malipo ukaingia, nikatoa mzigo. Jioni naangalia salio, halijaongezeka hata shilingi mia. Ujumbe ulikuwa feki.

Niliona aibu, nikanyamaza. Wiki moja baadaye dada mmoja tuliye naye kundi moja la wauzaji akapigwa vilevile, stori ileile ya harusi. Kapoteza 180,000, hela ya ada ya mtoto. Akaniuliza, "Mdogo wangu, kumbe ulikuwa unajua?" Sikuwa na jibu.

Sasa tujifunze:

1. Kipanga siyo mwewe. Mwewe unamwona anazunguka juu, unaita vifaranga. Kipanga ana mabawa mafupi na mkia mrefu, anapenya katikati ya matawi na kukutokea ghafla. Tapeli naye haji na sura ya tapeli, anakuja kama mteja mzuri mwenye haraka. Mteja akikukimbiza, wewe punguza mwendo.

2. Kula karibu na michongoma. Michongoma yako ni salio. Usiamini ujumbe, wala picha ya muamala aliyokutumia. Ingia mwenyewe kwenye menyu ya simu yako, angalia salio, ndipo mzigo utoke. Boda akilalamika, mwache alalamike.

3. Ukiona, piga mlio. Ule mlio mwembamba wa shore unamsumbua kipanga kujua umetokea wapi, ila ndege wengine wanausikia. Na angalia, shomoro na tetere siyo ndugu zake, wanasikilizana tu. Hata mshindani wako mwambie. Weka kwenye kundi namba iliyotumika na maneno aliyotumia, saa hiyohiyo. Usimtaje mtu kwa kuhisi tu. Kwa sisi wa Tanzania, ripoti namba hiyo kwenda 15040, kisha nenda polisi.

4. Rudi kwenye chenga. Baada ya kama dakika 20 hivi, shomoro wa kwanza alishuka, wengine wakafuata. Hawakuhama uwanja. Na wewe usifunge duka kwa sababu ya hasara moja.

Kipanga simlaumu, kaumbwa ale nyama. Tapeli kachagua mwenyewe. Na mimi nilichagua kunyamaza, hiyo ndiyo inaniuma kuliko ile 210,000. Yule dada nilimwomba msamaha, na kila mwezi namchangia kidogo kwenye ile ada.

Kama umewahi kupigwa, andika hapo chini walikujia na stori gani. Usione aibu. Kuna mwenzako anafunga mzigo sasa hivi.