Darsa ya Ramadhani, Siku ya 15: Bajeti Inaanza na Ukweli



Nusu ya mwezi imekwenda. Ramadhani ya mwaka 2020 tulifunga bila tarawehe ya jamaa, tukafuturu bila wageni. Magharibi ikiadhiniwa, chai haijapoa kafyu ya saa moja ilikuwa ishaingia. Tangu tarehe 8 Aprili mwaka huo hatukutoka Mombasa wala hatukuingiliwa, na wenzetu wa Mji wa Kale tangu tarehe 6 Mei walifungiwa mtaa wao. Hoteli hazikuwa na watalii, matatu hazikuruhusiwa kujaza abiria, na wenye vibarua wengi walikwenda na kurudi mikono mitupu. Allah atufariji sote.

Darsa ya leo ni ya jikoni na mfukoni. Usiseme hii si dini. Siku ya Kiyama kila mmoja wetu ataulizwa mali yake aliipata wapi na aliitumia kwa nini. Sasa hiyo mali ikiwa kidogo, si ndiyo inataka hesabu zaidi?

Nianze na nafsi yangu. Mimi nasomesha madrasa. Zilipofungwa mwezi wa Machi mwaka huo, ada za wazazi zikakatika, na sikuwa na uso wa kuwadai, kwani wao pia wamekaa nyumbani. Siku ile ilinipasa nirudi nimwambie mama watoto, "Pato limekatika." Sikumwambia. Niliona nitamtia hofu na Ramadhani yaja. Nikaendelea kumpa hela ya matumizi ile ile. Ilitoka wapi? Mkopo wa simu. Wa kwanza nikaulipa kwa wa pili, wa pili nikaulipa kwa wa tatu. Mimi ninayewafundisha watoto wenu kuwa riba ni haramu, nimekaa gizani nabonyeza simu kuitafuta.

Siku ya nne ya Ramadhani, wakati wa daku, ujumbe wa deni ukaingia nami niko nje natia udhu. Akausoma yeye. Niliporudi nilimkuta amekaa tu, sufuria iko motoni. Hakugomba. Aliniambia, "Baba watoto, ungeniambia mapema, ningepika vingine."

Tukazungumza mpaka adhana ya alfajiri. Kumbe zile sambusa na kaimati za kila siku alikuwa akizifanya kwa ajili yangu, akidhani nisipoziona nitavunjika moyo. Na mimi nakopa kwa ajili yake, nikidhani futari ikipungua atanidharau. Kila mmoja anajitesa kwa kitu ambacho mwenzake wala hakukitaka. Na nyingi zilikuwa zinalala, zinachacha, zinatupwa. Yaani tulikuwa tunakopa kwa riba ili tutupe chakula, tena mwezi wa Ramadhani! Astaghfirullah.

Ndiyo maana nakwambia bajeti inaanza na ukweli. Kalamu na karatasi zinafuata.

*Dini inasemaje?*

Katika Suratul Furqan, aya ya 67, Allah amewasifu waja wake kuwa wakitoa hawafanyi israfu wala hawafanyi uchoyo, bali wako kati na kati. Na katika Suratul Israa, aya ya 26 na 27, wafujaji wameitwa ndugu wa mashetani. Kwa hiyo kukaza mkono hadi watoto wakose ni kosa, na kuuachia hadi uingie kwenye riba ni kosa.

Wako watakaosema, "Ustadh, kupanga sana ni kukosa tawakkal, rizki anayo Allah." Kweli anayo. Lakini Imam Bukhari amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka mzima. Na nyumba hiyo hiyo, Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa ilikuwa ikipita miezi moto haujawashwa, wakiishi kwa tende na maji. Tazama mafunzo hayo mawili. Kilipokuwepo, kiliwekwa kwa hesabu. Kilipokosekana, wote waliijua hali na wote wakasubiri. Hakuna aliyekuwa akimfichia mwenzake.

Nabii Yusuf (a.s.) naye aliwaambia watu wa Misri mapema kuwa inakuja miaka saba ya shida. Aliwaambia ukweli, ndipo wakajua la kuweka na la kula.

*Leo mkae chini hivi*

Baada ya futari, simu ziwekwe kando, leteni daftari ya mtoto na kalamu.

1. *Taja pato la sasa.* Si lile la Januari, wala lile la "mambo yakifunguka". Linaloingia mwezi huu. Kama ni sifuri, sema sifuri.

2. *Taja madeni yote.* La dukani, la simu, la kodi, hata lile la ndugu yako wa Malindi ambalo hujamwambia mtu. Deni linalofichwa halipangiki.

3. *Gawa kabla hujatumia.* Tuseme nyumba ya watu watano, sasa inaingia shilingi 15,000. Kodi 5,000. Chakula 7,500. Maji, stima na mkaa 1,500. Sabuni na dawa 600. Sadaka 400. Zimekwisha, 15,000 kamili. Hapo chakula ni shilingi 250 kwa siku. Nazo mzigawe: unga au mchele 100, mbaazi au maharage 60, nazi 40, mboga 20, na 30 ya mafuta, sukari na chumvi. Bei za mtaani kwako zitapanda au kushuka, na pato lako huenda likawa chini ya hapo. Badilisha tarakimu, usibadilishe mpango: kila shilingi ijue inakokwenda kabla haijatoka.

4. *Futari iwe moja na ya kushibisha.* Leo mbaazi za nazi, kesho muhogo, keshokutwa viazi au ndizi mbichi. Tende na maji, kama ipo. Bhajia na sambusa ziwe za Ijumaa. Ukipima mchele kwa kikombe, andika vikombe vingapi vinatosha bila kubaki. Kinachobaki kikiwa salama kiwe daku, kisitupwe.

5. *Ukiweza, nunueni pamoja.* Kununua kidogo kidogo kila siku kunakula hela. Nyumba mbili tatu mkichanga mkanunua mchele au unga wa jumla, mnaweza kuokoa. Ila usilimbikize gunia juu ya gunia ukawakosesha wengine au ukangojea bei ipande, hilo Mtume (s.a.w.) amelikataza.

6. *Simamisha mkopo mpya.* Usilipe deni kwa deni. Mkabili anayekudai, mwambie, "Hali yangu ni hii, naweza kulipa kiasi hiki kila wiki." Ni vizito kusema, najua, mimi nimesema mara tatu mwezi huu na mara ya kwanza sauti haikutoka. Lakini baada ya hapo nililala usingizi.

*Neno kwa kina mama*

Mama, dada, mali yako ni yako. Sheria haikukulazimisha kulisha nyumba kwa hela ya chama chako au ya mahamri unayouza. Lakini ukimsaidia mumeo kwa ridhaa yako, Mtume (s.a.w.) alimwambia mke wa Ibn Mas'ud kuwa ana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Na akikwambia pato limekatika, usimfanye ajute kusema. Na wewe unayelea peke yako, kaa chini na mwanao mkubwa. Watoto wanaelewa kuliko tunavyodhani. Waambie ukweli kwa kadiri ya umri wao, wala usiwabebeshe hofu yako.

*Neno kwa wenye nyumba na wenye maduka*

Mnasoma darsa hizi nanyi, nawajua. Suratul Baqara, aya ya 280, inataka mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni kheri zaidi. Nanyi mna watoto na madeni, sikatai. Lakini mpangaji akija kukwambia ukweli, usimjibu kama aliyekuja kukuibia. Ukimfukuza leo, kesho wenzake wote watajifunza kukukwepa.

*Jirani na kupokea*

Kwenye ule mfano kuna sadaka 400. Utauliza, "Mtu wa 15,000 atoe sadaka?" Naam. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr akipika mchuzi aongeze maji, awakumbuke jirani. Maji! Hakumwambia aongeze nyama. Kama sadaka yako ni bakuli la mbaazi kupitia ukutani, imefika. Na kama ni hela, tangu Machi 2020 kutuma kwa M-Pesa isiyozidi shilingi 1,000 kulikuwa bure, basi hata shilingi 50 ilifika nzima.

Zakatul fitri nayo ianze kutengwa sasa, isije ikakukuta usiku wa Iddi. Ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, kama kilo mbili na nusu za mchele. Lakini sikiliza. Ambaye usiku na mchana wa Iddi hana ziada juu ya chakula cha watu wake na mahitaji yao ya lazima, haimlazimu. Huyo ndiye wa kupewa.

Na hapa ndipo wengi wetu tunaona haya. Mwaka jana ulikuwa mtoaji, mwaka huu wewe ndiye mwenye haja. Ndugu yangu, mkono uliokuwa juu si wako milele, ni zamu. Ukijikausha, ukawaambia watu "alhamdulillah sisi tuko sawa" na watoto wanalala na uji wa chumvi, umewanyima wao haki yao na umewanyima ndugu zako thawabu. Kamati ya msikiti inagawa vyakula usiku usiku, bila majina kusomwa. Mwambie imamu, au yeyote katika kamati unayemwamini. Mwaka wako wa kutoa utarudi, inshaAllah.

Na nguo za Iddi? Sunna ni kuvaa iliyo nzuri katika ulizonazo. Kanzu ya mwaka jana ikifuliwa ikapigwa pasi ni ya Iddi.

*Kazi ya leo*

Ni moja tu. Kabla ya kulala, mwambie mwenzako jambo moja la pesa ambalo hujamwambia. Deni, hasara, au hata hofu. Kisha nyamaza umsikilize. Hesabu mtaifanya kesho mkiwa wepesi.

Kwetu, mama watoto sasa ndiye mwenye daftari. Jana futari ilikuwa muhogo wa nazi na chai ya rangi. Mkopo mmoja umebaki, na tunajua sote wawili umebaki kiasi gani. Mwanangu mdogo aliuliza sambusa ziko wapi, mamake akamwambia, "Ijumaa." Akaridhika, akala.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu. Walipie madeni wenye madeni, waponye wagonjwa, warehemu waliotangulia. Zijaze nyumba zetu ukweli na huruma. Amin.

Kesho inshaAllah tutazungumza kuhusu kusali tarawehe nyumbani na watoto.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.