Luvungi, zunguka gari kwa mkono

Lori linaloshuka kutoka Bukavu, likishamaliza mteremko wa Ngomo na kuiacha Kamanyola, huingia Luvungi likinuka breki. Linalotoka Uvira nalo limepita Kiliba na Sange katika joto la Bonde la Ruzizi, na mlima bado uko mbele. Ndiyo maana nawaambia mashofere, hasa vijana: Luvungi msipapite tu. Simama, zima injini, na kabla ya kuagiza chakula zunguka gari lako kwa mkono.

Nasema mkono kwa sababu macho hayaoni joto. Sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila tairi, kisha karibu na rimu yake, ulinganishe na za jirani. Tairi likiwa la moto kuliko wenzake huku rimu imetulia, upepo umepungua. Rimu ikiwa ndiyo inayochoma, shuku breki isiyoachia, au beringi. Iache ipoe yenyewe. Ukiimwagia maji ngoma ya breki iliyoiva, inapata ufa, na ufa huo utaujua siku unayoteremka na mzigo. Tairi likitoa moshi, ondoa watu na wewe usisimame ubavuni mwake: likipasuka, upepo wote hutokea shavuni.

Kuna kosa ninaloliona kila mara. Shofere anapima tairi la moto, anakuta kilo 9 za upepo, anaogopa, anapunguza hadi 8. Upepo ukipata joto hupanda. Tairi lililojazwa kilo 8 likiwa baridi, likiongezeka nyuzi 30 tu, hukaribia 9, na waliolitengeneza walilijua hilo. Ukilipunguza, kesho alfajiri litakuwa na 7 chini ya mzigo uleule, litajikunja zaidi kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakolipika. Pima asubuhi, gari likiwa limelala, tena kwa kipimo. Nyundo itakuambia tairi limeisha kabisa. Haitakutofautishia 8 na 6.

Tairi la ndani kwenye magurudumu pacha ndilo linalosahauliwa, kwa kuwa valvu yake haifikiki kwa urahisi. Likiisha upepo, lile la nje linabeba mzigo wa mawili, gari linaonekana zima, hadi lipasuke lenyewe. Pitisha taa katikati yake. Jiwe lililokwama hapo lichokoe kabla halijala mashavu yote mawili.

Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Tairi la kilo 8 lililotembea chini ya kilo 6 na nusu lihesabu kuwa limeishiwa upepo, hata kama limesimama. Ndani ya shavu lake mna nyaya za chuma, nazo zimekunjwa na kukunjuliwa maelfu ya mara, kama mtu anayevunja waya kwa vidole. Ukilijaza tu na kuondoka, nyaya hizo huachana moja baada ya nyingine na shavu kufunguka kama zipu, pengine kijana wa kwado, fundi wa matairi, akiwa ameliinamia. Lifunguliwe, likaguliwe ndani, ndipo lijazwe. Kabla hujalegeza nati hata moja, toa upepo wa matairi yote mawili ya pacha, kwa sababu rimu yenye ufa huenda inashikiliwa na nati hizo tu. Na rimu za vipande, zile zenye pete ya chuma, hazina huruma: pete isipokaa vizuri hurushwa kwa nguvu ya kuua. Funga mnyororo kuzunguka gurudumu, tumia mpira mrefu wa upepo, kaa kando, usiigonge pete kwa nyundo wakati upepo unaingia. Kwado akikuambia amefanya hivyo miaka yote bila mnyororo, mpe mnyororo wako.

Ukinunua tairi la okazioni, tafuta shavuni tarakimu nne za mwisho katika mstari unaoanza na herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa marefu na mpira umezeeka. Likunje kidogo kwa mikono, ukiona nyufa liache. Mbele weka yaliyo bora uliyonayo, kamwe si yaliyovalishwa mpira upya. Likipasuka nyuma utasimama. Mbele, linakuvutia korongoni.

Baada ya kubadilisha gurudumu, kaza nati tena ndani ya kilomita 100 za kwanza. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati ni dalili kwamba zinalegea.

Usitengeneze gari katikati ya soko. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, mafuta yakamwagika, moto ukaua watu zaidi ya 230. Barabara yetu inapita milangoni pa watu, na gari likikwama watoto ndio wa kwanza kuja. Tafuta mahali pa wazi, tandika matawi barabarani mbele na nyuma, mbali vya kutosha ili anayekuja aone mapema, zuia magurudumu kwa mawe.

Ukimaliza, mtume msaidizi wako ayaondoe matawi na mawe hayo yote, na umngoje hadi arudi. Usiku motari anapita hapo akiwa na mama na ndoo ya samaki nyuma yake, na taa yake inaangaza hatua chache tu.