Dondoo muhimu: Funzo lililo kando ya barabara

Ukishuka matatu Sigalagala, kwenye barabara ya Kisumu–Kakamega, usikimbilie kuondoka.

• Tazama mikono ya wanaofanya kazi. Hapa ndipo kilipo chuo cha kitaifa cha ufundi, na ufundi ni kurudia. Mshono wa chuma ukitoka na matundu, husagwa kwa grenda, ukachomelewa upya. Jiulize: ni jambo gani uliloliacha baada ya kulijaribu mara moja tu? Mimi nalithamini dondoo hili kuliko mengine, maana wengi wetu tunaonea haya kuanza upya.

• Mvua ya alasiri, ambayo Kakamega inaifahamu vyema, ikikukuta kibandani, weka simu mfukoni. Waulize wazee wa jamii za Isukha na Idakho jinsi fahali wa mapigano anavyotunzwa. Utasikia habari za malisho na subira kabla ya kusikia habari za ushindi.

• Jioni, andika sentensi moja daftarini: nani amenifunza nini leo? Moja yatosha.

Na kesho, tafadhali, mrudie mtu huyo umwambie asante.