Mwembe Mfupi wa Uani: Tunza Kiungo cha Mche

Wakaazi wengi wenye viwanja vidogo hupenda kupanda mwembe karibu na nyumba ili wapate kivuli na matunda. Mwembe ulioota kwa kokwa hurefuka sana, na huweza kuchukua miaka 5 au zaidi kabla ya kuzaa. Mche wa kubebesha, ambao wengi huuita wa grafti, huanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi. Ukipogolewa vyema, hubaki mfupi na maembe yake huchumwa kwa urahisi.

Kiungo ni nini?
Kijiti cha mwembe wa aina inayotakiwa, kama vile Apple, Ngowe au Kent, huungwa juu ya shina la mwembe wa kienyeji. Shina la chini hutoa mizizi yenye nguvu. Sehemu ya juu ndiyo huamua aina ya embe. Mahali zilipoungana huonekana kovu, na hapo ndipo penye kuhitaji uangalizi zaidi.

Wakati wa kununua
Mche ununuliwe katika kitalu kilichosajiliwa. Mnunuzi ahakikishe kiungo kimeshikana. Utepe wa plastiki ukiwa bado upo, ufunguliwe usije ukakaba shina.

Wakati wa kupanda
Mvua inapoanza, shimo lichimbwe upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, mbali na ukuta, tangi la maji na shimo la choo. Udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri, kisha urudishwe shimoni. Mfuko wa mche uondolewe bila kuvunja mizizi. Kiungo kibaki juu ya ardhi. Kikifukiwa, shina huweza kuoza.

Baada ya kupanda
Machipukizi yanayotokea chini ya kiungo yang'olewe yakiwa bado machanga. Hayo ni ya mwembe wa kienyeji. Yakiachwa hukua haraka na kuidhoofisha sehemu ya juu mpaka ikafa. Baada ya miaka ya kungoja, familia hujikuta na mti mkubwa wenye maembe ambayo haikuyanunua.

Mche ukifika mita 1, ncha ikatwe ili utoe matawi ya pembeni; yaachwe 3 au 4 yenye nguvu. Maua ya mwaka wa kwanza yaondolewe ili mti ujenge mizizi. Wakati wa kiangazi, mche umwagiliwe maji na kuwekewa nyasi kavu, lakini nyasi zisiguse shina.

Maembe yaliyoanguka yaokotwe na kufukiwa kina cha nusu mita au zaidi, kwani nzi wa matunda huzaliana humo.

Mkaazi anayeshuku kwamba chipukizi limetoka chini ya kiungo amwonyeshe afisa wa kilimo wa wadi yake mapema, kabla halijawa tawi.