Dondoo muhimu: Kuvua trauti masika yakiisha

Wakati mzuri wa kutupa ndoana sehemu za juu za mto Rupingazi au Thuci ni masika yakishapita, japo baridi ya Juni na Julai huko Embu na Meru humfanya mtu kung'ang'ania blanketi. Sababu iko majini. Mvua za Machi hadi Mei huleta tope, ilhali trauti, samaki aliyeletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905, huwinda kwa macho. Maji yakitakata anaona chambo. Anakuona na wewe pia. Kwa hiyo tumia mshipi mwembamba, vaa nguo zisizong'aa, na uukwee mto ukitokea chini, kwa kuwa samaki huelekeza kichwa kule mkondo unakotoka. Tupa chambo juu kidogo ya jiwe, kiteremke chenyewe hadi penye maji yaliyotulia nyuma yake.

Wapo watakaosema samaki wa sokoni hana usumbufu. Ni kweli, ukihesabu kitoweo peke yake. Lakini asubuhi nzima ya kuusoma mkondo ni starehe isiyopimwa kwa kilo, hata ukirudi mikono mitupu. Ulizia leseni mapema katika ofisi ya uvuvi, na kibali ukiingia msituni.