Jitoze Hesabu: Miaka Mitatu ya Kuifikia Pikipiki ya Ndoto

Hakuna kijiwe cha bodaboda kisicho na mtu mwenye picha ya pikipiki kubwa kwenye simu. Huyu ana Honda Africa Twin iliyotapakaa matope hadi kwenye taa, yule ana Suzuki Hayabusa, mwingine ana BMW GS yenye masanduku ubavuni. Muulize inakwamia wapi, atakujibu: fedha. Amesema nusu. Hata shangazi aliyeko Muscat akituma fedha yote kesho asubuhi, mikono iliyozoea Boxer haitageuka kwa siku moja kuwa mikono ya injini ya cc 1,000. Boxer ya 150 ina nguvu za farasi takriban 12. Africa Twin ya sasa ina zaidi ya 100.

Kwa hiyo kuna vitu viwili vya kulimbikiza: akiba na uzoefu. Ukivipangilia vizuri, vyote viwili hukua kwa pamoja ukiwa juu ya pikipiki ndogo, na muda wa miaka mitatu unawatosha wengi wenye kipato cha kila siku au cha mwezi.

1. Itaje kwa jina

Akiba ya "pikipiki kubwa" haijai, kwa sababu haina kiwango. Chagua moja, andika jina, toleo na mwaka. Uchague kwa kuangalia njia utakazopita, si kwa sauti ya ekzosi.

Hayabusa ilitoka mwaka 1999 ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya kasi ya barabara kuu. Toleo la 2021 lina cc 1,340 na uzito wa kilo 264, na tumbo lake liko karibu na lami. Mtu anayeishi mtaa wa vumbi wenye matuta kila mita mia atateseka nayo hata kabla hajaifikia lami. Africa Twin ya cc 1,084 ina uzito wa kilo 226 hivi, gurudumu la mbele la inchi 21 na shokamzoba ndefu. Hiyo inaweza kukutoa Mombo kwenda Lushoto, kisha ikaendelea kwenye vijia vya vumbi bila kulalamika.

Ukishapata jina, muone fundi kabla hujamuona muuzaji. Muulize nani mjini ameshaifungua injini ya aina hiyo, spea zinatoka wapi na huchukua muda gani kufika. Uliza pia ratiba ya matengenezo. Honda inaelekeza valvu za Africa Twin zikaguliwe kila kilomita 24,000, wakati za BMW R 1200 GS za zamani, zinazopozwa kwa hewa, hukaguliwa kila kilomita 10,000. Tofauti hiyo hutaiona kwenye bei ya kununulia, lakini utailipia kila mwaka.

2. Piga bei kamili, si bei ya tangazo

Bei unayoiona kwenye tangazo la muuzaji wa Japani au Dubai ni mwanzo tu. Chukua mfano wa pikipiki ambayo, pamoja na usafiri wa meli na bima ya njiani, imefika bandari ya Dar es Salaam ikiwa na thamani ya shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unaifikisha milioni 12.5. VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya jumla hiyo, na sasa unasoma shilingi 14,750,000. Bado hujagusa tozo nyingine za forodha, ada ya wakala, wala usajili. Kanuni ya haraka: bei ya kufika bandarini, ongeza nusu yake, kisha jiandae kwa zaidi kidogo.

Ukinunua iliyokwisha kusajiliwa nchini, unaukwepa mlolongo huo lakini unaingia kwenye mwingine. Hakikisha namba ya chesisi na ya injini zinalingana na kadi, na muuzaji ndiye mwenye jina kwenye kadi hiyo. Umiliki uhamishwe rasmi kupitia TRA, au NTSA kwa walioko Kenya, kabla fedha yote haijatoka mkononi mwako. Nenda na fundi wako mwenyewe, usiende na fundi wa muuzaji.

Juu ya bei weka mambo matatu: mavazi ya kujikinga, bima kubwa ya mwaka wa kwanza, na matengenezo ya mwanzo, yaani oili, matairi na cheni. Kwa mfano wetu, tuseme jumla ni milioni 18. Hiyo ndiyo namba ya kubandika ukutani.

3. Jitoze hesabu kila siku

Dereva wa bodaboda wa mkataba anaijua nidhamu hii kuliko mtu wa benki. Kila jioni anapeleka hesabu, yaani kiasi cha siku walichokubaliana, kwa tajiri mwenye pikipiki, mvua inyeshe au jua liwake, na muda ukitimia kadi inakuwa yake. Akili yake haihesabu hesabu kama akiba. Anaihesabu kama deni, ndiyo maana inalipwa. Fanya hivyohivyo, ila tajiri uwe wewe mwenyewe.

Milioni 18 kwa hesabu ya shilingi 20,000, siku 26 kwa mwezi, ni shilingi 520,000 kila mwezi. Inakamilika ndani ya miezi 35, yaani mwezi mmoja pungufu ya miaka mitatu. Kama unaweza 10,000 tu, muda unakuwa mara mbili. Hapo una njia mbili za heshima: chagua pikipiki ya bei ya chini, au kubali miaka sita. Njia ya tatu, ya kupunguza mavazi na bima ili bei ilingane, iache.

Hesabu isikae kwenye simu unayonunulia vocha. Ihamishe kila wiki mahali ambapo kuitoa kunakusumbua kidogo. VICOBA vinafaa kwa sababu mgao huja mwisho wa mzunguko na wenzako wanakukodolea macho usipoleta hisa. SACCOS nayo inafaa kwa mwenye ajira. Fedha ikishakuwa nyingi, mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS hukuwezesha kuipata ndani ya siku chache huku ikikuletea faida. Kwa Kenya, chama, Sacco na mifuko ya soko la fedha hufanya kazi hiyohiyo.

Kila baada ya miezi sita, pitia bei upya. Pikipiki hizi huuzwa kwa dola au yeni, na shilingi ikiteleza, lengo lako nalo limesogea.

Kuhusu mkopo, tofautisha mambo mawili. Mkopo wa bodaboda hulipwa na bodaboda yenyewe, maana inabeba abiria. Pikipiki ya ndoto haibebi abiria wa kulipa. Inakula tu. Ukilazimika kukopa, kopa kiasi kisichozidi robo ya bei, na kisiwe kile cha kununulia matairi.

4. Panda kwa ngazi

Ulaya wamelifanya jambo hili kuwa sheria. Kijana wa miaka 18 anaweza kupata leseni ya A2, inayomfungia kwenye pikipiki isiyozidi kilowati 35, sawa na nguvu za farasi 47 hivi. Baada ya miaka miwili ndipo anaruhusiwa kufanya mtihani wa daraja la A lisilo na kikomo. Anayetaka kuruka ngazi hiyo husubiri hadi afikishe miaka 24 katika nchi nyingi. Kwetu, leseni ya pikipiki ukishaipata, mara nyingi hakuna anayekuuliza ulipitia wapi kabla ya kukalia cc 1,000. Basi sheria hiyo jiwekee mwenyewe.

Mwaka wa kwanza endesha ya cc 125 au 150, kila siku, kwenye foleni, mvua na usiku. Hapa unajifunza macho: mlango wa gari unaofunguka, mtoto aliye nyuma ya daladala, mchanga uliomwagika kwenye kona, mafuta ya dizeli kwenye mzunguko. Pikipiki ndogo husamehe. Ukivuta mafuta kupita kiasi, haina nguvu ya kukurusha.

Mwaka wa pili na wa tatu hamia kwenye ya kati, kuanzia cc 250 hadi 450 hivi. Honda CRF250L na CRF300L, au Royal Enfield Himalayan, ni walimu wazuri kwa njia zetu. Nunua iliyotumika, itunze na weka risiti zote za matengenezo, kwa sababu utaiuza, na fedha hiyo itafupisha safari ya hesabu. Mwenye bajeti ndogo atafute Honda XR150L. Nguvu yake ni ya kawaida, lakini itakufundisha vumbi, mawe na tope.

Angalia pia mpangilio wa gia. Baadhi ya pikipiki ndogo hukanyagwa gia zote upande mmoja. Kubwa, karibu zote, gia ya kwanza iko chini na zilizobaki ziko juu. Mguu usiojua hilo utashusha gia mahali pa kupandisha, na kwenye injini kubwa gurudumu la nyuma linaweza kukwama ghafla.

5. Mitihani minne kabla ya kununua

Tafuta uwanja mtupu asubuhi ya Jumapili, vaa kamili, na ujipime kwa pikipiki ya kati.

*Mwendo wa konokono.* Japani, anayetaka leseni ya pikipiki inayozidi cc 400 hupita juu ya ubao wa mita 15 wenye upana wa sentimita 30, na asifike mwisho kabla ya sekunde 10. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea. Wewe chora mistari miwili kwa chokaa. Siri iko kwenye balansi ya klachi, breki ya nyuma iliyoguswa kidogo, na macho yanayotazama mbali badala ya tairi. Pikipiki ya kilo 226 huwaangusha watu zaidi kwenye foleni na kituo cha mafuta kuliko kwenye kasi.

*Breki.* Wengi vijiweni huiogopa breki ya mbele na kukanyaga ya nyuma peke yake. Lakini unaposhika breki, uzito hukimbilia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linaloshika barabara zaidi. Jifunze kuibana taratibu kisha kwa nguvu, kama unayekamua chungwa, ukianza na kasi ya 30, halafu 50. Kumbuka hesabu hii: kasi ikizidi mara mbili, umbali wa breki kushika huzidi mara nne. Kinachotosha kwa 50 hakitoshi hata kidogo kwa 100.

*Kona.* Kwenye kasi, pikipiki hugeuka kulia unaposukuma mbele usukani wa kulia. Inaonekana kinyume, lakini jaribu taratibu kwenye barabara tupu na utaihisi ikilala. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, tazama kona inapoishia, kisha vuta mafuta polepole unapotoka.

*Kuinua.* Pikipiki yako itaanguka ikiwa imesimama, usiku, mbele ya watu. Zima injini, weka gia. Kama imelalia kulia, toa stendi ya pembeni kwanza. Igeuzie mgongo, chuchumaa, egemeza makalio kwenye siti, shika usukani kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, kisha rudi kinyumenyume kwa nguvu ya miguu. Omba ruhusa kwa mwenye pikipiki kubwa ujaribu kwa yake mkiwa wawili. Ikikushinda kabisa, rudi kwenye hatua ya kwanza na uchague nyepesi.

Juu ya mitihani hii, ongeza safari ndefu. Dar es Salaam hadi Morogoro na kurudi ni karibu kilomita 400, zenye malori na upepo wa mabasi yanayokupita. Ukizoea, endelea hadi Iringa: utapita Mikumi, ambako wanyama huvuka barabara na mwendo una kikomo, kisha utapanda Kitonga.

6. Mavazi yatangulie pikipiki

Helmeti, jaketi lenye kinga za viwiko na mabega, glavu na viatu vya kufunika kifundo vinunuliwe mwaka wa kwanza, maana vitahama nawe hadi kwenye kubwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane ulionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Tafuta yenye alama ya ECE 22.06 au ya awali yake, inayobana mashavu. Ya mtumba iepuke, maana huwezi kujua ilishaangukia wapi.

7. Miezi sita ya mwisho: ishi kama unayo

Africa Twin hutembea kilomita 20 hivi kwa lita, wakati ya cc 150 huzidi 40. Kwa hiyo kila unapojaza mafuta ya shilingi 10,000, tupia 10,000 nyingine kwenye akiba. Ongeza na kiasi cha mwezi cha bima kubwa na matairi, maana tairi la nyuma la pikipiki nzito mara nyingi halifiki mbali zaidi ya kilomita 10,000. Ukipita miezi sita bila kukopa kodi ya nyumba, uwezo wa kumiliki unao. Ukishindwa, umegundua mapema, na fedha yote bado ni yako.

Siku ikifika na pikipiki ikawa mlangoni, mwezi wa kwanza usibebe mtu nyuma, wala usiifuate misafara ya wakongwe. Tairi jipya huteleza kwa kilomita za mwanzo, hivyo lala taratibu kwenye kona. Na ile hesabu usiifute. Ipunguze iwe nusu na uendelee kuipeleka jioni kama kawaida, kwa sababu sasa tajiri ni pikipiki, na itadai tairi, oili na bima kila mwaka utakaokaa nayo.