Mistari Inayosomeka: Somo la Kutengeneza na Kuchapa Msimbo wa Bidhaa

Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii niliijua tangu nikiwa mdogo, lakini maana yake niliipata mwaka 2024, tena kwa hasara. Wasomaji wenzangu, leo nataka kuwaeleza jinsi ile mistari myeusi iliyo juu ya sabuni na biskuti inavyofanya kazi, na jinsi ya kuichapa ili isomeke. Wengi huiita bakodi. Mimi nitaiita msimbo wa mistari. Siandiki kama fundi. Naandika kama mtu aliyekosea, akauliza, akajifunza, kisha akairudia kazi yake.

Hapa shuleni kwetu, upande wa West Nile, Uganda, tuna chama cha ushirika cha wanafunzi. Twanunua asali kwa wafuga nyuki wa vijiji vya jirani, twaichuja na kuitia katika chupa; na kwa nta yake twatengeneza mishumaa. Vitu hivi twaviuza kwa njia ya intaneti, na faida yake huwasaidia wanachama wasio na ada ya mtihani. Mimi nilikuwa katibu. Agizo likija, Bruda mtunza ghala huchukua chupa ya mfano iliyo mezani, huipitisha mbele ya mashine ya kusomea, na kompyuta hutoa hati ya mzigo. Wadogo zetu walio katika chumba cha kufungia hufuata hati hiyo.

Mwezi wa Desemba nilichapa lebo mpya. Nilitaka zipendeze, basi mistari nikaitia rangi nyekundu. Tena niliibana ubavuni ili ienee katika lebo nyembamba. Nikaijaribu moja kwa simu yangu, ikasomeka. Nikafurahi, nikachapa zote. Siku lilipokuja agizo kubwa, mashine ya Bruda ilikaa kimya. Tukajaribu tena na tena, wapi! Kwa kuwa gari la mizigo lilikuwa likingoja mlangoni, nikaandika nambari kwa mkono. Nambari ya asali ilikuwa 2001450003274. Mimi nikaandika 2001450003724, yaani 27 niliigeuza ikawa 72. Kwa bahati mbaya hiyo nayo ilikuwa nambari halali, nambari ya mishumaa. Kompyuta haikukataa. Basi mama mmoja wa Kampala, aliyekuwa akingoja chupa 24 za asali kwa arusi ya binti yake, akapokea paketi 24 za mishumaa.

Arusi ilipita. Fedha tulizirudisha, na wenzetu wawili wakachelewa kulipa ada yao. Mzee aliyetuletea asali ile alinikuta njiani, akaniuliza, "Mwanangu, asali yangu ilikuwa na kosa gani?" Sikuweza kumjibu. Ndipo nikaenda kwa mwalimu wetu wa hesabu, nikamwomba anifundishe.

Kwanza alinieleza asili ya jambo hili. Mwaka 1948, katika mji wa Philadelphia, Marekani, kijana mmoja wa chuo cha Drexel, jina lake Bernard Silver, alimsikia mkuu wa kampuni ya maduka ya vyakula akiomba ipatikane njia ya kuandika habari za bidhaa bila kutumia mkono. Silver akamwambia rafiki yake, Norman Joseph Woodland. Huyu Woodland alijifunza alama za Morse alipokuwa skauti. Siku moja mwanzoni mwa mwaka 1949, akiwa ameketi ufukoni huko Miami, alichora nukta na vistari mchangani, kisha akavivuta kwa vidole vikawa mistari mirefu, mingine myembamba na mingine minene. Tarehe 7 Oktoba 1952 wawili hao walipewa hati ya uvumbuzi. Lakini vyombo vya kusomea mistari hiyo kwa bei nafuu havikuwapo bado. Hata ilipofika tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya chingamu ikapitishwa mbele ya mashine ya duka, na mistari yake ikasomwa. Mistari hiyo ilikuwa ya namna iliyobuniwa na George Laurer wa kampuni ya IBM. Msimbo wa tarakimu 13, tunaouona katika maduka yetu, ni ndugu yake.

Sasa tuutazame msimbo wenyewe. Gawanyeni upana wake katika vipimo vidogo vilivyo sawasawa. Mtapata vipimo 95. Mwanzoni kuna mistari miwili ya ulinzi, katikati miwili, na mwishoni miwili. Pamoja na nafasi zake huchukua vipimo 11. Vilivyobaki ni 84, navyo ni vya tarakimu 12, kila moja vipimo 7. Katika vipimo hivyo 7 kuna mistari miwili myeusi na nafasi mbili nyeupe. Kwa mfano, 7 iliyo upande wa kulia huandikwa hivi: nyeusi 1, nyeupe 3, nyeusi 1, nyeupe 2. Na 2 huandikwa: nyeusi 2, nyeupe 1, nyeusi 2, nyeupe 2.

Mtauliza, tarakimu ni 13, mbona zilizochorwa ni 12? Swali zuri. Tarakimu sita za kushoto zaweza kuandikwa kwa namna mbili, na jinsi namna hizo zinavyopangwa ndiyo inayoiambia mashine tarakimu ya kwanza ni ipi. Tena, kwa kuwa upande wa kushoto haufanani na wa kulia, hata mkiigeuza chupa miguu juu, mashine hutambua na kusoma sawasawa.

Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Haichaguliwi, hupatikana kwa hesabu. Chukueni tarakimu 12 za asali yetu: 200145000327. Jumlisheni zile za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 2+0+4+0+0+2 = 8. Kisha zile za nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12: 0+1+5+0+3+7 = 16; zidisheni kwa 3, mpate 48. Jumla ya 8 na 48 ni 56. Ili kufikia 60 imepungua 4. Basi 4 ndiyo tarakimu ya ukaguzi.

Mtu akikosea tarakimu moja tu, hesabu haitapatana, na kompyuta itakataa. Akizigeuza mbili zilizo jirani, mara nyingi itakataa pia. Lakini kuna mwanya mmoja: tarakimu mbili zinazopishana kwa 5, kama 2 na 7, zikigeuzwa, hesabu hupatana vilevile. Jaribuni 200145000372: 13 na 33 ni 46, imepungua 4. Mwalimu aliponionyesha hayo niliweka kalamu chini. Mlinzi alikuwapo mlangoni, nami nilipita mahali asipoona. Tangu siku hiyo sikubali nambari mbili za bidhaa zetu zifanane kwa kugeuza tarakimu. Na kuandika kwa mkono twakuepuka kabisa, maana mashine haigeuzi 27 kuwa 72. Lakini ili mashine ifanye kazi, yapasa mistari isomeke. Haya ndiyo niliyojifunza juu ya kuichapa.

Jambo la kwanza ni rangi. Mashine nyingi za dukani humulika nuru nyekundu, kisha hupima nuru inayorudi. Mstari mwekundu huirudisha nuru hiyo kama karatasi nyeupe irudishavyo, basi mashine haioni kitu. Simu hutumia kamera, ndiyo sababu yangu iliweza kusoma na kunidanganya. Chapeni mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa. Msiipake rangi ya dhahabu wala ya fedha.

Jambo la pili ni kipimo. Upana wa kawaida wa kipimo kimoja ni milimita 0.33. Waweza kupunguzwa hadi asilimia 80 au kuongezwa hadi asilimia 200, si zaidi. Msibane picha ubavuni kama nilivyofanya mimi. Kama nafasi haitoshi, afadhali kutafuta lebo kubwa.

Jambo la tatu ni ukingo mweupe. Kushoto kwa mistari yatakiwa nafasi tupu ya vipimo 11, na kulia vipimo 7. Ukijumlisha na vile 95 wapata 113, yaani milimita 37.29 kwa kipimo cha kawaida. Nafasi hiyo si ya kuchezea: msiandike jina, wala msichore ua ndani yake. Bila ukingo huo mashine haijui msimbo unaanzia wapi.

Jambo la nne ni printa. Printa huchapa kwa nukta, nayo haiwezi kuchapa nusu nukta. Printa ya nukta 300 kwa inchi ina nukta ya milimita 0.085 hivi, nne zake zafanya milimita 0.34, na hicho ni kipimo kizuri. Mkiiambia ichape nukta tatu na nusu, mistari mingine itakuwa minene na mingine myembamba kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo ni heri kuacha programu ya kompyuta ichore msimbo kwa ukubwa wake halisi, kuliko kuchukua picha ndogo na kuivuta.

Jambo la tano ni umbo la chombo. Chupa ni ya mviringo. Mistari ikisimama wima juu ya chupa nyembamba, ile ya pembeni hujificha nyuma ya mviringo. Ilazeni kama vipandio vya ngazi, ili mashine isome kutoka juu hadi chini.

Jambo la mwisho ni kujaribu. Chapeni lebo moja, ibandikeni, ishikeni kwa mkono wenye asali, kisha ipitisheni mara kumi mbele ya mashine ileile itakayotumika. Tazameni pia kama nambari inayotokea ni ileile iliyo daftarini. Baada ya hapo ndipo mchape nyingine.

Neno moja juu ya nambari zenyewe. Nambari zetu huanza na 2 kwa sababu zinazoanza hivyo zimeachwa kwa matumizi ya ndani ya duka au ghala. Anayetaka kuuza katika maduka ya watu wengine hana budi kupata nambari zake kutoka shirika la GS1, zisije zikagongana na za mwingine. Bidhaa yenye nambari inayoanza na 616 ni ya kampuni iliyopewa nambari Kenya, na 620 Tanzania. Lakini hiyo haithibitishi kwamba kitu chenyewe kimetengenezwa huko.

Msimu uliofuata nilimpelekea yule mzee chupa yenye lebo mpya. Aliitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya mistari, akauliza, "Jina langu liko wapi hapa?" Nikamwambia kweli: "Mzee, humu hamna jina lako. Hamna hata neno asali. Muna nambari tu. Jina lako limo katika daftari letu, na nambari hii ndiyo inayotuongoza hadi kwenye ukurasa wako." Akacheka, akasema, "Basi litunzeni daftari." Nikamwahidi.

Wenzangu, mkitaka kujipima, tafuteni tarakimu ya ukaguzi ya 200145000411. Jumla yake yafika 40 kamili, haipungui kitu. Kwa hiyo mtu aweza kudhani kwamba haihitaji tarakimu. Yahitaji: andikeni 0. Sufuri nayo ni tarakimu, na ikiachwa, mashine haitasoma.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita